Tupake Nini Mbao za Kanisa?



Katika halmashauri za mitaa yetu liko swali ambalo hurudi kila baada ya miaka michache, na kwa kawaida huwekwa mwisho kabisa, baada ya hesabu ya sadaka na kabla ya sala ya kufungia. Mabenchi yamechakaa, sakafu ya mbao mbele ya madhabahu imefifia, mlango mkubwa umepauka kwa jua. Tupake nini? Mmoja husema, "Tupake vanishi ngumu ya kisasa, ing'ae, tusiulizane tena kwa miaka mingi." Mwingine husema, "Tupake mafuta na nta kama walivyofanya wazee." Watu huuliza bei, hutazama saa, huchagua lililo jepesi, kisha husali na kwenda zao.

Nadhani swali hili ni kubwa kuliko nafasi tunayolipa. Ndani yake limo swali la dhamiri, ambalo hata nyumbani kwetu tunalikuta kila tununuapo meza au kitanda. Je, kilicho bora ni kile kisichotaka kutunzwa mpaka siku kitakapoharibika chote, au ni kile kitakacho kutunzwa kidogo kila mara, nacho chaweza kutengenezwa daima? Tena, sisi tunaochagua leo tuna haki gani juu ya wale watakaokalia mabenchi hayo tukiwa tumekwisha kuzikwa?

KAZI YA MPAKO

Tuanze na mbao zenyewe, maana haifai kutoa hukumu juu ya jambo tusilolijua.

Ubao hauachi tabia zake kwa kuwa mti umekatwa. Wakati wa masika hunywa unyevu ukavimba kidogo. Wakati wa kiangazi hunywea. Mvule na mninga, miti ambayo wazee wetu waliipenda, ina nguvu yake yenyewe ya kushindana na mchwa na kuoza, hata isipopakwa kitu. Walakini jasho la mikono, maji ya miavuli, mchanga wa viatu na mwanga wa jua huila mbao yoyote polepole. Ndiyo maana tunapaka.

Mipako, kwa jumla, ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hukaa juu ya ubao kama ngozi. Vanishi ngumu za kisasa, kama zile za poliyurethani, ni za namna hii. Zikikauka hushindana na maji, chai ya moto na misuguano kwa muda mrefu, wala hazidai kitu kwetu ila kitambaa chenye unyevu. Taabu yake huonekana siku ngozi hiyo inapopasuka. Maji huingia chini yake yakakosa njia ya kutoka. Ubao huwa na madoa, na vanishi huanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ukipaka vanishi mpya juu ya hiyo ya zamani, hazichanganyiki: mpya hulala juu tu, na isipopigwa msasa kwanza haishiki. Kiraka huonekana toka mbali. Hivyo mara nyingi fundi hana budi kuiondoa yote, benchi zima au sakafu nzima, mpaka afikie ubao mtupu, na kila afanyapo hivyo ubao hupungua unene. Sakafu ya mbao nyembamba haiwezi kustahimili jambo hilo mara nyingi.

Namna ya pili huingia ndani ya ubao. Mafuta ya mbegu za kitani ndiyo yajulikanayo zaidi. Hayakauki kwa kupotea hewani kama maji yapoteavyo. Huungana na hewa yenyewe, yakageuka kuwa kitu kigumu ndani ya vinyweleo vya ubao. Si kila mafuta yafanyavyo hivyo. Mafuta ya nazi hayakauki. Ukiyapaka benchi yatabaki na utelezi, yashike vumbi, na kuchafua nguo za watu siku ya Jumapili. Juu ya mafuta yaliyokauka huweza kupakwa nta ya nyuki, na nta njema tunayo katika nchi zetu. Tabora inajulikana kwa nyuki wake tangu zamani. Mpako huu ni dhaifu kuliko vanishi. Glasi ya maji ikisahauliwa juu yake huacha duara. Lakini duara hilo laweza kuondolewa na mtu yeyote mwenye kipande cha msasa laini, kitambaa na mafuta kidogo. Hutengeneza pale palipoumia, na pengine pote hupaacha.

Katikati ya hizo mbili iko ile polishi ya zamani ya sheleki, itokanayo na wadudu wadogo wa Bara Hindi na kuyeyushwa kwa spiriti. Maji na joto huishinda upesi, lakini ina jambo moja jema: ukipaka mpya juu ya ya zamani, ya zamani huyeyuka kidogo ikaipokea, zikawa kitu kimoja.

MAANA MBILI ZA KUDUMU

Sasa tunaweza kuona kwamba neno "kudumu" lina maana mbili, nasi huzichanganya. Kiko kitu kidumucho kwa sababu hakiumii upesi. Na kiko kitu kidumucho kwa sababu kikiumia chaweza kuponywa. Cha kwanza kina nguvu. Cha pili kina subira. Duka likisema kwamba mpako fulani ni wa kudumu, husema habari ya maana ya kwanza tu, maana hiyo ndiyo iuzikayo. Kizuri ambacho fundi wa mtaani aweza kukitengeneza mwaka kwa mwaka, bila kuja tena dukani kununua kipya, hakina wa kukitangaza.

Wenzetu wa pwani walijua tofauti hii kabla ya kuwako poliyurethani duniani. Jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Maji ya bamvua yakitoka, chombo hukalishwa mchangani, kikaparuzwa, kikatiwa kalafati palipolegea, kikapakwa upya. Hakuna nahodha mwenye akili anayelalamika kwamba sifa ya mwaka jana imekwisha. Anajua kwamba kupaka ni sehemu ya kuwa na chombo, kama vile kulisha ni sehemu ya kuwa na ng'ombe. Na kila akipakapo hupata faida nyingine isiyoandikwa katika hesabu: hupitisha mkono wake juu ya kila ubao, akaujua ulioanza kuoza kabla haujazamisha watu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wa kuziba ufa ni yule auonaye, na wa kuuona ni yule aupapasaye.

Hatuwezi kusema kwamba vanishi ni jambo la wageni na mafuta ni jambo letu. Katika karne ya 19 mojawapo ya vitu vilivyotafutwa sana duniani kwa kutengenezea vanishi nzuri ilikuwa sandarusi ya nchi yetu. Iliyo bora haikugemwa mtini, bali ilichimbwa ardhini huko Mrima, mahali pengine ambapo miti yenyewe ilikwisha kutoweka zamani, ikapelekwa Unguja na kupakiwa katika merikebu za Hamburg, London, na Salem huko Marekani. Ilipikwa kwa moto mkali pamoja na mafuta ya kitani, ikang'arisha magari ya farasi na meza za matajiri. Wachimbaji waliokuwa wakiinama kutwa kucha katika mashimo yale hawakuziona meza hizo. Nalitaja jambo hili si kwa kulaumu mng'ao, bali tukumbuke kwamba kila mng'ao una mkono ulioutoa mahali fulani, na mara nyingi mkono huo haupo chumbani tunapousifu.

Hata huko Uingereza watu wamegombana juu ya jambo hili hili. Mwaka 1877 William Morris, aliyekuwa fundi na mshairi, aliona makanisa ya kale yakikwanguliwa na kufanywa kana kwamba ni mapya, kwa jina la kuyatengeneza. Alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na watu wakakipa jina la utani la "Wapinga Kukwangua". Shauri lao lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulifuata: jengo lizuiliwe lisiharibike kwa utunzaji mdogo wa kila siku, ili isiwepo haja ya kulifanya upya kwa nguvu. Baadaye, kwa sheria ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1955, iliamriwa kila kanisa la mtaa likaguliwe kila baada ya miaka mitano na mtu ajuaye ujenzi. Mawazo ni yale yale ya nahodha.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Lakini tusiende upesi. Iko hoja ya haki upande wa vanishi, nayo lazima isikilizwe.

Utunzaji wa kila mara ni kazi, na kazi ina mwenyewe. Wazee wa halmashauri wanapoamua kwamba mabenchi 40 yapakwe mafuta na nta, na kusuguliwa kila mwaka kabla ya Pasaka, wanaamua juu ya magoti na mikono ya nani? Mara nyingi ni akina mama wa Umoja, na yule mlinzi wa kanisa alipwaye kidogo. Wengi wa hao hawakuwamo kikaoni. Ni rahisi sana kusifu uzuri wa utunzaji wakati mtunzaji ni mwingine. Mama ambaye ameamka alfajiri, ameteka maji, amelima, na jioni ana watoto wa kulisha, akikuambia kwamba anataka kitu cha kupanguswa tu na kuachwa, huyo si mvivu, na asiitwe mpenda dunia.

Tena mpako wa kutunzwa, usipotunzwa, ni mbaya kuliko mpako mgumu. Mafuta yaliyoachwa miaka mitano bila kurudiwa hayaulindi ubao. Kwa hiyo kuchagua mafuta ni kuweka nadhiri, na Maandiko yanatuonya kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka tusiiondoe. Mtaa unaojua kwamba hautarudia, ukachagua mafuta kwa sababu ni ya kizamani na yanapendeza kuyasema, unajidanganya wenyewe.

Hoja hizi ni za kweli. Lakini tuangalie zinathibitisha nini. Hazithibitishi kwamba kisichotengenezeka ni bora. Zinathibitisha kwamba utunzaji usipogawanywa kwa haki hugeuka kuwa mzigo wa wanyonge, na kwamba ahadi isiyo na mtu wa kuitimiza ni maneno matupu. Dawa ya hayo haipatikani katika kopo la vanishi. Maana mzigo wa vanishi nao upo, ila umeahirishwa: siku itakapobambuka, miaka 10 au 15 mbele, mtaa utatakiwa kutafuta fedha nyingi kwa mara moja, mashine ya kukwangua, na mafundi wa kuvuta vumbi hilo. Na vumbi la mbao ngumu si jambo dogo. Hudhuru pua na mapafu, na imejulikana kwamba huweza kuleta saratani ya pua kwa wale walivutao miaka mingi. Rangi za zamani nazo mara nyingi zilikuwa na risasi ndani yake. Sisi tutakuwa tumestarehe, na watoto wetu ndio watakaolipa. Tofauti ni kwamba mama wa leo aweza kuinuka kikaoni akatukatalia, lakini mtoto wa kesho hawezi.

MFALME YOASHI NA SANDUKU

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, iko habari ambayo ningependa kila halmashauri iisome kabla ya kuzungumza juu ya jengo. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuyatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Fedha zilikuja. Amri ilikuwapo. Hata mwaka wa 23 wa ufalme wake hakuna kilichotengenezwa. Haikuandikwa kwamba makuhani waliiba. Yamkini kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye kazi. Ndipo Yehoyada kuhani alipochukua sanduku, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka karibu na madhabahu, na fedha zikapewa mafundi wenyewe, maseremala na waashi, ambao walikuwa waaminifu hata hawakudaiwa hesabu.

Katika habari hiyo yako mambo mawili. La kwanza, nyumba ile ilitengenezeka muda wote wa miaka ile, lakini kutengenezeka hakukuifaa kitu mpaka kazi ilipopata mwenyewe, mahali na siku. La pili, imeandikwa kwamba kwa fedha zile havikufanyizwa vyombo vya fedha wala vya dhahabu. Na Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati hueleza kwamba vyombo vilifanyizwa kwa masalio, kazi ilipokwisha. Ufa kwanza, mng'ao baadaye. Mng'ao haukukatazwa, uliwekwa mahali pake.

Naye nabii Ezekieli alisema juu ya watu walioupaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane mzima. Kosa lao halikuwa kupaka. Kosa lilikuwa kutumia mpako kuficha lile ambalo mpako ulipaswa kulilinda. Tupakapo vanishi nzito yenye rangi juu ya benchi lililoanza kuliwa na mchwa, ili Baba Askofu ajapo kwa Kipaimara alione linang'aa, sisi nasi tumo katika maneno ya nabii.

BASI TUFANYEJE?

Sidhani kwamba iko sheria moja kwa kila ubao. Meza ya zahanati au ya jikoni, inayofuliwa kwa maji na sabuni kila siku kwa ajili ya afya, yafaa ipakwe kitu kigumu, na ikiharibika ikwanguliwe. Pale usafi wa mgonjwa ni mkubwa kuliko urahisi wa fundi. Lakini mabenchi, mimbari, milango na viti vya nyumbani, vitu ambavyo huumia mahali pamoja pamoja na ambavyo tunatumaini vitarithiwa, yafaa vipakwe kitu ambacho fundi wa hapa petu aweza kukirudia kwa kiraka. Sakafu ni katikati. Mtaa ukiona heri vanishi, basi urudie mapema, kwa kupiga msasa mwepesi kabla vanishi haijaisha mpaka kwenye ubao. Ukipenda mafuta, usizidishe nta, maana sakafu yenye nta nyingi huteleza, na wazee wetu hupita hapo kwenda kupokea Ushirika Mtakatifu. Na kwa sakafu yoyote, kitu cha kulaza miguu mlangoni pamoja na ufagio vina kazi kubwa kuliko kopo lolote, kwa sababu mchanga chini ya viatu ndio msasa wenyewe.

Lakini lolote lichaguliwalo, mambo matatu yafanyike. Kwanza, iandikwe katika daftari la kanisa kilichopakwa nini, lini, na juu ya nini. Anayetengeneza bila kujua kilichotangulia hufanya kazi ya kubahatisha, na kumwachia mwenzako maandishi mafupi ni tendo la upendo kwa mtu usiyemjua. Pili, kazi ipangiwe watu wote, wanaume na wanawake, vijana na wazee wa kanisa, siku moja ya mwaka ijulikanayo. Na mlinzi akiongezewa kazi, aongezewe mshahara. Tatu, mwenye ujuzi aufundishe. Mathalan, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kuwaka moto vyenyewe usiku, kwa joto la yale mafuta yanapokauka. Lazima vianikwe nje vikiwa vimekunjuliwa au vilowekwe majini. Jambo kama hilo, asiyefundishwa hulijua siku kanisa linapoungua.

Mwisho, ndugu zangu, sisi wenyewe ni mbao za namna gani? Wako Wakristo wanaotamani imani iliyo kama ngozi ngumu: ipakwe mara moja siku ya Kipaimara, isiguswe tena, ing'ae mbele za watu. Imani hiyo huonekana nzuri mpaka siku msiba unapoipasua, na hapo mtu hajui pa kuanzia, kwa sababu hajazoea kutengenezwa. Kanisa letu limetupa njia nyingine. Katika sala za asubuhi na jioni tunaungama kila siku, si kwa kuwa kila siku tumeanguka anguko kubwa, bali kwa kuwa kila siku tumechubuka kidogo, na mchubuko mdogo huponyeka kwa neema ndogo ya siku ile. Ndoa nazo hudumu hivyo, na udugu wa mtaa pia. Aliyekuwa seremala wa Nazareti hakutuahidi kwamba hatutakwaruzwa. Alituahidi kwamba hatatutupa.

Kikao kijacho swali hili litakaporudi, lisiwekwe mwisho. Na aliyependekeza mafuta aulizwe kwanza kama yeye mwenyewe atakuja na kitambaa chake siku ya kazi.